Tairi Jipya, Usukani Unaotetemeka: Utangulizi

Elimu unayoingia humu inaanzia kwenye lalamiko ambalo kila fundi wa magari amelisikia: "Nimefunga matairi mapya, sasa usukani unatetemeka." Anayelisema ametoka kutumia fedha nyingi, na ana haki ya kutarajia gari litulie kuliko zamani. Lakini pikapu iliyokuwa imetulia ikiwa na vipara, yaani matairi ya zamani yaliyoisha, sasa inampiga mikono. Anataka kujua nani alaumiwe, na wa kwanza kuonyeshewa kidole ni tairi.

Sentensi ya mteja huyo ina habari moja tu ya hakika: inasema mtetemo ulianza lini. Kwa nini ulianza, haijasema. Mtetemo unaofuata tairi jipya unaweza kuwa na asili tatu. Huenda tairi lenyewe lina kasoro. Huenda tairi ni zima, ila kazi ya kulifunga haikuwa nzuri. Au tairi na kazi vyote ni vizima, na kilichotokea ni kwamba mpira mpya umeufichua ugonjwa uliokuwemo garini siku nyingi. Kutenganisha asili hizi tatu ndiyo kazi yote ya fani hii. Fundi asiyezitenganisha hubadilisha kipuri baada ya kipuri kwa fedha ya mteja mpaka siku atakapobahatika.

Nitatumia mfano wa Bukiriro, kwa sababu mazingira yake yanaifundisha elimu hii vizuri kuliko karakana ya mjini. Bukiriro ni kata ya wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, katika nchi ya vilima, migomba na kahawa, jirani na Burundi na Rwanda. Pikapu ya huko inaishi maisha mawili. Ndani ya kata inatembea kwenye udongo mwekundu, kilomita 20 au 30 kwa saa, ikizidi sana 40. Kisha siku inakuja inashika barabara kuu ya kutoka Rusumo kwenda Lusahunga, upande wa Biharamulo, kilomita zipatazo 92 za njia ya malori yanayopeleka shehena Rwanda na Burundi. Hapo mshale unapanda hadi 80, na 90. Mwenye gari anaweza kuwa amefunga matairi wiki nzima iliyopita na asihisi lolote. Mtetemo anaukuta lami, naye ataapa kwamba tairi lilikuwa salama na limeharibikia njiani. Halikuharibikia njiani. Kasoro ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni mwendo wa kuitoa sauti.

Hesabu ndogo itaeleza. Tairi la 205R16, saizi inayofungwa kwenye Hilux nyingi, lina kipenyo cha takriban sentimita 74, na kila linapozunguka mara moja linasonga mbele kama mita 2.3. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, gurudumu linazunguka mara tisa na nusu kila sekunde. Likifika 100, ni karibu mara 12. Sasa tuseme upande mmoja wa rimu una gramu 50 zaidi ya upande wa pili. Nguvu ya gramu hizo kuvuta kwenda nje haikui sambamba na mwendo. Inakua kwa mraba wake. Kwa kilomita 40 kwa saa mvuto wake haufiki hata uzito wa kilo moja. Kwa 80 ni zaidi ya kilo tatu na nusu. Kwa 100 unakaribia kilo sita, na mvuto huo unageuka juu, mbele, chini na nyuma zaidi ya mara kumi kila sekunde. Barabara ya udongo, pamoja na mashimo na mikunjo yake, ingekuwa imeumeza mtetemo wa 40 bila dereva kujua.

Jambo la pili la kujua ni mwendo wa asili. Gurudumu, habu na vyuma vyake vimekaa kati ya springi iliyo juu na mpira wa tairi ulio chini, na kitu kilichokaa hivyo hakikubali kutikiswa kwa mwendo wowote sawasawa. Anayesukasuka maziwa kwenye kibuyu anaujua mwendo ambao kibuyu kinafuata mkono chenyewe, na ajua kwamba akiharakisha au akichelewesha, atachoka bure. Kwa magari mengi, mwendo huo wa gurudumu ni kati ya mitikisiko 10 na 15 kwa sekunde. Rudi sasa kwenye hesabu ya Hilux yetu: kilomita 80 hadi 100 kwa saa zinatoa mizunguko tisa na nusu hadi 12. Ndiyo maana mtetemo wa balansi, yaani wa uzito usiolingana kama ule wa gramu 50, huanza kama kwenye 80, ukawa mkali kwenye 90 na kitu, na mara nyingi ukapungua dereva akithubutu kuvuka hapo. Dereva akikwambia, "Ikifika 85 inaanza, nikivuka 105 inatulia," amekupa kipimo kizuri kuliko anavyojua. Kiandike.

Fani hii yenyewe ilizaliwa na tairi jipya, na kisa hicho ni lazima ukijue. Mwanzoni mwa karne ya 20 magari yalitumia matairi membamba yaliyojazwa upepo mwingi. Mwaka 1923 Firestone ya Marekani ikaleta sokoni matairi mapana ya upepo kidogo. Abiria walifurahi kwa ulaini wake, lakini magurudumu ya mbele yakaanza kuchezacheza kushoto na kulia kwa nguvu iliyowatisha madereva, kwenye magari ambayo kabla ya hapo yalikuwa yametulia. Matairi hayakuwa mabovu, na magari, kwa vipimo vya wakati ule, hayakuwa mabovu pia. Ubaya ulikuwa katika kukutana kwao. Mwaka 1925 mhandisi Mfaransa Georges Broulhiet alichapisha maelezo yaliyofungua mlango: tairi linalobingirika haliendi sawasawa na linakoelekezwa, kwa sababu mpira wake unapinda ubavuni pale unapogusa ardhi. Mwaka 1934 General Motors, ambako Mwingereza Maurice Olley alikuwa akifanya kazi, walileta magari ambayo kila gurudumu la mbele lina mkono wake, badala ya magurudumu mawili kushikwa na ekseli moja ngumu. Dhiki ya mtetemo ni miongoni mwa sababu zilizowasukuma huko. Wajerumani von Schlippe na Dietrich waliendeleza hesabu za mtetemo huo mwaka 1941 kwa ajili ya magurudumu ya ndege, na mwaka 1966 Hans Pacejka akaliandikia jambo hili tasnifu ya udaktari pale Delft, Uholanzi. Wanafunzi wa magari duniani kote hadi leo hujifunza tairi kwa hesabu zenye jina lake.

Nimeyaleta haya kwa sababu gari la 1923 halijafa. Land Cruiser ya familia ya 70, iliyoanza kutengenezwa 1984 na ambayo imekuwa pikapu ya hospitali, ya mashirika na ya miradi katika maeneo kama Ngara, bado ina ekseli moja ngumu mbele. Gurudumu la kushoto likipanda jiwe, ekseli nzima inainama. Magurudumu yanayozunguka kasi hayapendi kuinamishwa: yanajibu kwa kugeuka pembeni. Yakigeuka, ekseli inainama tena upande wa pili, nayo yanageuka tena. Mzunguko huo ukipata viungo vilivyolegea, unajilisha wenyewe, na dereva anajikuta ameshika usukani unaomtoka mikononi mpaka apunguze mwendo. Hilux ya kisasa haina ekseli hiyo mbele, kwa hiyo ugonjwa wake mara nyingi ni wa aina nyingine. Kabla hujauliza swali lolote, jua ni gari gani limesimama mbele yako.

Baada ya hapo, nati kwanza. Hilo silifanyii mzaha, kwa sababu ndilo linaloua. Gari lililotoka kufungwa matairi likianza kuyumba, hasa kama linayumba hata kwa mwendo mdogo na hali inazidi, haliendelei na safari. Shika spana uguse nati zote. Nati iliyofungwa juu ya kutu, rangi au tope hulegea tope likisagika, na ndiyo sababu nati huguswa tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Zipo pia nati zilizokazwa kupita kiasi. Hilux nyingi zinahitaji niutoni-mita 100 na ushee, ambayo ni sawa na kuning'iniza kilo 21 kwenye ncha ya spana ya nusu mita. Fundi wa kilo 70 anayepanda juu ya spana na kurukaruka amezidisha zaidi ya mara tatu. Anavuta bolti na kuipinda diski. Land Cruiser zenye rimu za chuma hutaka karibu mara mbili ya Hilux, kwa hiyo soma kitabu cha gari lenyewe. Kaza kwa kuvuka, nati moja kisha ya upande wa pili, kidogo kidogo, gurudumu likiwa hewani, ndipo umalizie likiwa chini.

Jambo linalofuata ni tope, na hapa Bukiriro ni mwalimu. Udongo mwekundu wa mvua hujaa ndani ya rimu, upande usioonekana, ukakauka humo ukawa mgumu kama tofali. Gramu 50 nilizozitaja juu ni donge lisilojaza kiganja. Gari linaweza kufungwa matairi mazuri na kubalansiwa sawasawa, kisha jioni moja ya mvua ikaharibu hesabu yote. Liinue, osha rimu ndani kwa brashi, zungusha gurudumu na hakikisha hakuna donge lililobaki. Nusu saa ya maji inaweza kuokoa safari nzima ya kwenda mjini kutafuta mashine ya balansi.

Tope lina ubaya wa pili, usiofahamika sana. Gurudumu likivuliwa, tazama uso wa habu, pale rimu inapolala. Chembe ya kutu au udongo yenye unene wa nusu milimita inaonekana si kitu. Lakini uso wa habu una upana wa sentimita 17 au 18 hivi, na tairi lina 74. Kinachoinama nusu milimita kwenye habu kinakuwa milimita mbili kwenye ukingo wa tairi. Mteja atakuja na gurudumu lililobalansiwa kikamilifu kwenye mashine, nalo likifungwa garini linayumba, na fundi wa mashine ataonewa bure. Kwangua habu kwa brashi ya waya, pangusa rimu, tazama kama nati ni za rimu ile: koni ya nati lazima iingie kwenye shimo la rimu bila kubaki na nafasi. Rimu za kununuliwa zikifungwa na nati za rimu za zamani, gurudumu linaweza lisikae katikati hata ukikaza vipi.

Sasa tairi lenyewe. Chutama ukitazame chuma cha rimu pale kinapokutana na mpira. Karibu na ukingo huo kuna mstari mwembamba uliochongwa kwenye ubavu wa tairi kuzunguka pote. Mstari huo lazima uwe umbali uleule kutoka kwenye rimu, mwanzo hadi mwisho. Ukizama mahali fulani, mdomo wa tairi haujakaa: tairi limefungwa kwa haraka, bila sabuni ya kutosha, na sasa linazunguka kama yai. Dawa yake ni kutoa upepo, kubandua mdomo, kupaka sabuni na kujaza upya. Tazama pia tarakimu nne za mwisho za mhuri wa kiwandani: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lisilowahi kukanyaga barabara linaweza kuwa limezeeka stoo, likiwa limelaliwa na mengine hadi likapoteza umbo lake.

Kipimo kinachofuata hakihitaji umeme. Inua gurudumu kwa jeki, weka mawe nyuma ya magurudumu mengine, ulikingie gari kwa stendi au gogo imara. Chukua kipande cha waya mgumu, kikite kwenye tofali, kisogeze mpaka ncha yake ikaribie sehemu ya tairi inayokanyaga ardhi bila kuigusa. Zungusha taratibu kwa mkono. Utaiona nafasi ikifunguka na kufunga. Tofauti ikizidi milimita moja na nusu hivi, anza kushuku; ikifika tatu, umeshapata jibu. Kisha sogeza waya kwenye ukingo wa rimu na uzungushe tena. Rimu ikipinda, kosa ni la shimo la barabarani na huenda ni la tangu mwaka jana. Rimu ikinyooka na tairi likapanda na kushuka, kosa ni la tairi au la jinsi lilivyokaa. Weka alama ya chaki, mwambie fundi tairi aligeuze nusu mzunguko juu ya rimu hiyohiyo, upime tena. Mara nyingi kilima cha tairi kikikutana na bonde la rimu, hivyo viwili hufutana.

Msomaji, shika hili: balansi haiponyi umbo. Mashine ya balansi inapima uzito tu. Tairi lenye umbo la yai linaweza kupewa vipande vya risasi mpaka mashine isome sifuri, na bado likainua gari na kulishusha kila linapozunguka. Nimeona mabishano mengi kati ya wenye magari na wenye mashine yakizaliwa na jambo hili, kila mmoja akiwa mkweli. Ukisikia gari limebalansiwa mara mbili tatu bila nafuu, acha risasi, pima umbo.

Alaimenti nitaipitia haraka, kwa kuwa inapewa lawama isiyostahili. Alaimenti mbaya huvuta gari pembeni na kula tairi upande mmoja. Mtetemo wa usukani kwenye 90 kwa kawaida si wake. Mtetemo unaokuja wakati wa breki tu ni wa diski au dramu, na kufuatana kwake na tairi kunaweza kuwa ni nati zilizokazwa kwa kurukiwa. Unaohisiwa kwenye kiti na sakafu badala ya usukani hutoka nyuma: magurudumu ya nyuma, au propela na viungo vyake. Unaotokea gari likipakia mikungu ya ndizi hadi nyuma ikalala, na usiokuwepo likiwa tupu, unakuambia magurudumu ya mbele yamepungukiwa uzito, nayo yanacheza kwa urahisi zaidi.

Sasa mbinu ninayoithamini kuliko zote, na ni ya bure. Usiuze matairi ya zamani siku ileile. Najua yana wanunuzi, na makatambuga yanahitaji mpira. Bakiza mawili, yakiwa na rimu zake kama unazo, kwa wiki moja. Gari likitetemeka, hamisha magurudumu ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele, bila kugusa kitu kingine, urudi kwenye lami ileile na mwendo uleule. Mtetemo ukihama kutoka usukani kwenda kwenye kiti, umefuata gurudumu: shughulika na tairi na rimu. Ukibaki kwenye usukani, gurudumu limeachiwa huru. Mkosaji amebaki mbele, kwenye habu au kwenye viungo. Kama bado una shaka, rudisha mawili ya zamani mbele. Kinachofanya mbinu hii iwe elimu ni kwamba unabadilisha kitu kimoja tu kila mara. Karakana inayobalansi, kufanya alaimenti na kubadilisha bushi siku moja, hata gari likipona, haijajua limeponywa na nini. Na lisipopona, haijajifunza lolote.

Hapo tunafika kwenye asili ya tatu, ile ya ugonjwa wa zamani. Kipara ni chepesi, na mara nyingi mmiliki akinunua matairi mapya huongeza saizi kidogo kwa ajili ya mawe ya vilimani. Gurudumu likawa zito zaidi na refu zaidi, na linashika ardhi kwa nguvu zaidi. Tairodi iliyolegea kidogo, bushi iliyopasuka na shokapu iliyovuja vilikuwa vikibebana na kipara bila kelele. Vikipewa gurudumu jipya vinashindwa. Mteja huyu ndiye mgumu kuliko wote kumweleza, maana ushahidi wote wa macho yake unasema tairi. Mshikishe gurudumu mwenyewe, alitikise, asikie kwa mikono yake.

Mtikiso huo una namna yake. Gurudumu likiwa hewani, lishike kushoto na kulia, ulitikise. Mchezo wa upande huo kwa kawaida ni wa tairodi au boksi ya usukani. Kisha lishike juu na chini. Mchezo wa huku unaweza kuwa wa beringi, au wa boli jointi kwenye Hilux, au wa kingi pini kwenye Land Cruiser, na mikono peke yake haiwezi kuvitofautisha. Mwite msaidizi, akanyage breki aishikilie, nawe endelea kutikisa. Mchezo ukitoweka, ni beringi, kwa kuwa breki imeifunga diski na habu zisitembee juu yake. Ukibaki vilevile, si beringi: ni boli jointi au kingi pini. Kwenye Land Cruiser usikubali kufunga shokapu mpya ya usukani kabla ya kipimo hiki, kwa sababu itautuliza mtetemo kwa muda huku kingi pini inaendelea kuliwa, na mwenye gari atakwenda nayo Lusahunga akidhani amepona.